Jina la Ndege wa Ukungu

Msajili alifika Kwevumo kwa miguu, viatu mkononi, suruali ameikunja hadi magotini. Saa nzima ya mwisho ya safari ilikuwa ya kupanda, kwa kuwa sheria ilikataza injini ya aina yoyote ndani ya msitu unaongoja jina, na mvua ilikuwa imeigeuza njia kuwa utelezi mtupu. Dakta Mwanahawa Shemndolwa alimwona akitokeza kwenye ukingo wa miti, akaweka kikombe chini. Ilikuwa chai yake ya tatu asubuhi ile, na hakukumbuka ladha ya hata moja.

"Shikamoo, Dakta," alisema yule bwana, bado anahema. "Ferdinand Hokororo, wa Daftari Kuu la Viumbe."

"Marahaba, baba. Pole na mlima. Keti kwanza, miguu ipate maji."

Mkunde Singano, mlezi wa vifaranga, alileta beseni la maji ya moto bila kuambiwa. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi pale kituoni, wanawake wawili katika nyumba ya mabati juu ya milima ya Usambara, na kwa miaka yote hiyo walikuwa wakimngoja mtu huyu mmoja.

Hokororo aliosha miguu, akanywa chai, akasifu viazi. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, na alizungumza taratibu kama anayeogopa kuvunja kitu. Kisha akafungua mkoba wake.

"Sitawapotezea muda," alisema. "Manyoya nimeyalinganisha na ya kielelezo kilicho kwenye makumbusho ya ng'ambo. Mgongo wa majivu, koo la kutu, yote sawasawa. Shida ni damu. Tofauti kati ya ndege wenu na ndugu yake wa bondeni ni ndogo mno. Kwa damu peke yake kamati itasema ni yule yule wa bondeni, amepanda mlima tu."

"Kwa hiyo ni wimbo," alisema Mwanahawa.

"Ni wimbo. Ukithibitika, *Apalis nebulosa*, ndege wa ukungu, anatolewa kwenye orodha ya waliotoweka na kuandikwa upya kama aina kamili. Na hapa panakuwa kwao, hapaguswi na mtu."

Mkunde alishusha pumzi ndefu. Usipothibitika, wote watatu walijua kinachofuata. Kiumbe chenye jina katika Daftari kilikuwa na kwao kisheria. Kisicho na jina kilikuwa mali ya aliyekitotolesha, na aliyewatotolesha ndege hawa ni Nyumba ya Urejesho, kampuni iliyoisoma ngozi kavu ya kielelezo na kuiandika upya ndani ya mayai ya yule ndugu wa bondeni. Kampuni hiyo ilikuwa na mabustani ya vioo katika miji mitatu, ambamo watu walikaa kwenye viti vya sofa wakisikiliza ndege ambao babu zao waliwasikia bure.

"Nina habari njema pia," Hokororo aliendelea, akatoa kisanduku kidogo kama kiberiti. "Wenzetu wa ng'ambo wamepata utepe wa zamani. Ulirekodiwa kwenye mgongo wa mlima huu huu, zaidi ya miaka themanini iliyopita. Mashine imeusafisha. Sekunde thelathini na moja za ndege wa ukungu mwenyewe. Nilitaka Dakta uwe wa kwanza kuusikia."

Mwanahawa alivuta kiti karibu na kisanduku.

*

Hiyo ndiyo iliyokuwa sauti aliyoitafuta maisha yake yote.

Alikuwa na miaka tisa ndege wa mwisho aliposikika. Baba yake, Mzee Shemndolwa, alikuwa mlinzi wa msitu, mtu mrefu mwenye koti la mvua lisilokauka, na siku za shule kufungwa alimchukua bintiye doria. Baba alitangulia, yeye akafuata nyayo. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mara nyingine alichoona cha baba ni visigino tu. Ndipo baba aliposimama na kupiga mluzi: sauti nne, tatu za kupanda kama mtu anayekwea ngazi, na ya nne ikishuka polepole hadi chini. Kisha walinyamaza wakasikiliza. "Umemsikia?" baba aliuliza. "Nimemsikia," yeye alijibu. Na kweli aliamini amemsikia.

Miaka ile ile ukame ulipanda mlima, ukungu ukapungua, na ndege akaondoka nao. Baba aliendelea kupiga mluzi kila doria. Aliupiga hata alipokuwa mzee wa kukaa kibarazani, akitazama upande wa msitu, kisha akasubiri.

Hokororo alibonyeza kisanduku.

Kwanza ulisikika mvumo wa upepo. Halafu ndege akaimba. Ulikuwa wimbo wa haraka, wa kukatakata, mithili ya shanga zinazomwagika sakafuni, na mwishoni mlio mmoja mkali ulionyooka. Akarudia. Akarudia tena. Kisha upepo, na kimya.

Haukuwa mluzi wa baba. Haukufanana nao hata kwa mbali.

"Tofauti kidogo na wenu, naona," Hokororo alisema kwa uangalifu. "Nimesikiliza za kwenu nikija njiani. Zenu ni sauti nne, za taratibu."

Mwanahawa alikuwa akiisikia ile sauti ya nne ikishuka, na kwa mara ya kwanza katika miaka hamsini aliielewa. Ndivyo baba alivyomwita jioni, akisimama mlangoni, akiivuta silabi ya mwisho ya jina lake hadi inateremka bondeni: Mwanaha-a-awa. Baba hakuwa akimwiga ndege. Labda alianza kwa kumwiga, enzi za ujana wake. Lakini mluzi alioujua yeye ulikuwa wa baba, na mwisho wake ulikuwa jina lake mwenyewe.

"Isikutie hofu, Dakta," Hokororo aliharakisha. "Ndege wa namna hii wana lahaja kama sisi. Wa bonde hili haimbi kama wa bonde lile. Mimi niko tayari kuandika hivyo. Nahitaji kitu kimoja tu, sahihi yako kwamba wimbo mliowafundisha vifaranga wa kwanza ulirekodiwa kwa ndege wa msituni. Fomu yako ya miaka ile inasema," akapekua karatasi, "inasema hivi: 'Chanzo cha wimbo: kumbukumbu.' Mlipata rekodi kutoka hifadhi ipi?"

"Nipe hadi kesho asubuhi," alisema Mwanahawa. "Nikutafutie."

*

Mkunde alikuwa katika chumba cha vifaranga, akisugua trei ambazo hazikuwa chafu.

"Umesikia," Mwanahawa alisema.

"Nimesikia. Na nilikuwepo, Dada Hawa. Nani alishika lile pazia?"

Ndege wa ukungu hazaliwi na wimbo. Huzaliwa na koo, basi. Wimbo huupokea kwa baba yake katika wiki saba za mwanzo, na asipoupata wiki hizo, hatakuwa nao tena maisha yake yote. Atalia lia tu kama mlango mbovu. Vifaranga kumi na mmoja wa kwanza walianguliwa bila baba. Kampuni iliahidi rekodi, na rekodi ilipofika ikagundulika ni ya ndege mwingine kabisa. Zilikuwa zimebaki wiki tano. Mwanahawa akaketi nyuma ya pazia jeusi ili wasimwone uso, akapiga mluzi wa baba yake asubuhi na jioni, mpaka midomo ikapasuka na Mkunde akawa anampaka mafuta ya nazi. Wiki ya saba kifaranga mmoja wa kiume alinyoosha shingo, akajikwaa mara mbili, akaimba sauti nne kamili. Wanawake wale wawili walikumbatiana wakilia.

Halafu ikaja fomu, naye akaandika neno moja: kumbukumbu. Hakusema uongo, kwa kuwa mluzi aliukumbuka. Waliosoma waliona kabati za hifadhi na tepe za zamani, naye aliwaacha waone hivyo.

"Tia sahihi," Mkunde alisema. "Sahihi moja tu. Yule baba wa watu anataka kutusaidia, hujamwona? Amekuja amekwisha kuamua."

"Nikitia sahihi, itaandikwa kwamba ndege wa ukungu amerudi. Hajarudi, Mkunde. Uliyemsikia kwenye kile kisanduku ndiye ndege wa ukungu, na amekufa. Hawa ni ndege wenye manyoya yake wanaoimba mluzi wa baba yangu."

"Basi tuseme hivyo. Kosa lao liko wapi? Wamejenga viota, wamezaa, wajukuu wa wajukuu wako msituni. Mimi ninawajua mmoja mmoja. Ukweli wako huo ndio utakaowatia kwenye vioo, wewe utabaki na moyo mweupe na wao watabaki na sofa."

"Na kampuni ikileta ndege mwingine kesho? Ikamfundisha wimbo wowote, ikaonyesha fomu yangu ikasema hata Dakta Shemndolwa alifanya hivi? Watasema kila kilichokufa kimefufuka. Nani atajali tena kinapokufa kingine?"

Mkunde alitupa brashi ndani ya ndoo. "Huo ni wasiwasi wa watu wasiokuwepo. Mimi nakuambia habari ya ndege waliopo." Akafuta mikono kwenye kanga, akatoka. Mlangoni aligeuka. "Baba yako angetia sahihi. Alikuwa mlinzi wa msitu, hakuwa mlinzi wa makaratasi."

Maneno hayo yalimkaa Mwanahawa kifuani mchana kutwa. Yalikuwa ya kweli. Baba angetia sahihi bila kusita, kisha akaenda zake doria. Lakini baba hakuwahi kuulizwa na mtu hiki ni kiumbe gani. Yeye ameulizwa, na ameishi maisha yake yote akiwafundisha wengine kulijibu swali hilo kwa haki.

*

Asubuhi alimkuta Hokororo nje, anafunga kamba za viatu. Alimweleza yote, wima, bila kukaa: pazia, mluzi, fomu, na neno lile. Alipomaliza Hokororo alikuwa ameiacha kamba mkononi.

"Dakta," alisema mwishowe, na upole ulikuwa umemtoka, "kwa nini hukuniacha nitie muhuri niende zangu?"

"Ungeutia kwenye mluzi wangu. Si kwa ndege."

"Unajua sheria. Tabia aliyofundishwa na mtu haihesabiki. Bila wimbo hawana jina. Wote ni wa Nyumba ya Urejesho."

"Najua."

Hokororo akaingia ndani na kurudi na ramani. "Basi sheria nayo tuifuate yote. Kabla sijaandika neno, natakiwa nioneshe kwa ushahidi ni ndege gani wanaimba ulichowafundisha. Mmoja mmoja. Utanionesha."

Walitembea siku tatu. Juu ya miti kulikuwa na visikizi mia mbili, vijimashine vya ukubwa wa kokwa la embe vilivyousikiliza msitu na kutuma hesabu kituoni. Penye kila kisikizi Mwanahawa alipiga mluzi, na ndege wao waliokaa bonde la chini la msitu walijibu papo hapo, sauti nne, ya mwisho ikishuka. Kila jibu Hokororo alilitia alama. Kwa Mwanahawa ilikuwa kama mtu anayetaja majina ya wanawe mbele ya hakimu. Hadi jioni ya siku ya pili walikuwa wamefika sitini na wanne.

Siku ya tatu walipanda mgongo wa mlima, mahali ambapo ukungu ulikuwa umeanza kurudi miaka ya karibuni. Kwenye ramani palikuwa peupe. Kwa miaka mitano visikizi vya juu havikuwa vimehesabu ndege hata mmoja, na Mwanahawa aliamini baridi ilikuwa imewashinda.

Alipiga mluzi kwa kutimiza wajibu. Hakuna aliyejibu. Kisha kichaka kikatikisika, na kidege cha majivu chenye koo la kutu kikatua kwenye tawi hatua tatu mbele yao. Kikamkagua. Kikaimba.

Sauti mbili za kupanda. Kikatulia kidogo. Halafu mfululizo wa haraka, mwepesi, uliojikunja na kujikunjua, ukaishia juu.

Upande wa pili wa korongo mwingine aliitika vile vile. Na mwingine tena, mbali zaidi.

"Huo ni upi?" aliuliza Hokororo.

"Sijui."

"Hukuwafundisha?"

"Sijawahi kuusikia." Sauti yake mwenyewe ilimjia kama ya mtu mwingine.

"Kisikizi kiko hapa juu ya vichwa vyetu. Kwa nini hakikuusikia?"

Mwanahawa alikiangalia kile kijimashine, na jibu likamjia taratibu, lenye aibu. Yeye ndiye aliyevifunza visikizi nini cha kuhesabu. Alivipa kipimo kimoja, mluzi wa baba yake, na kuviamuru vitupe kila kingine kama kelele. Miaka mitano vilikuwa vikiutupa wimbo huu kila asubuhi. Hata masikio yake yalifanya hivyo hivyo. Alipopanda huku mara chache, alikuja kumsikiliza baba, na alipomkosa akashuka.

Alikalia jiwe lenye unyevu. Hokororo alitoa kalamu akaanza kuandika, na aliandika kwa muda mrefu, akisimama kusikiliza, akiandika tena.

*

Uamuzi ulifika baada ya miezi minne. *Apalis nebulosa* alibaki kwenye orodha ya waliotoweka, na kielelezo chake kwenye droo ya makumbusho kilibaki peke yake kulibeba jina lile. Ndege sitini na wanne wa bonde la chini walihukumiwa kuwa kazi ya mikono ya watu. Wale wa mgongoni, wazao wa vifaranga wale wale ila wimbo wao haukutoka kwa mtu yeyote, walipewa mstari mpya katika Daftari, wazi, usio na jina, kwa muda wa miaka sita ya uchunguzi. Mgongo wa mlima usiguswe. Na Dakta Mwanahawa Shemndolwa, kwa kuificha kweli miaka kumi, asiruhusiwe kukipa jina kiumbe chochote tena.

Watu wa kampuni walikuja na nyavu laini na masanduku yenye matundu. Mkunde ndiye aliyewatoa ndege wavuni, kwa kuwa hakutaka mikono migeni iwashike. Alifanya kazi siku nne bila kumsemesha Mwanahawa. Alipofunga sanduku la mwisho alipiga goti, akaweka kiganja juu ya kifuniko, akanong'ona kitu ambacho hakikumhusu mtu mwingine. Baadaye akasimama.

"Nitakwenda nao," alisema. "Kule kwenye vioo. Wamekubali kuniajiri. Humo hawatakula kwa mtu wasiyemjua."

"Mkunde, mdogo wangu."

"Sikuchukii, Dada Hawa. Nikipanda tena huku utanikaribisha chai." Lakini alisema hayo akiwa anatazama masanduku.

Mwanahawa alisikiliza mpaka msafara ulipoingia kwenye miti. Ndani ya masanduku ndege mmoja alikuwa anaimba. Tatu za kupanda, moja ya kushuka. Alimfuata kwa masikio hadi mwisho wa njia, akageuka, na bonde la chini likawa kimya kama siku za utoto wake ukame ulipopanda.

Siku mbili baadaye alipanda mgongoni na daftari la mkono. Sheria ilimruhusu kusikiliza, na sharti lake lilikuwa moja: sauti ya mtu isisikike huko kwa miaka yote sita, isije ikaingia kwenye wimbo. Ukungu ulikuwa mzito. Alisimama akiutazama ukizunguka miti, akiwa mwanamke wa miaka hamsini na tisa mwenye koti la mvua lililolowa, na kwa mazoea ya maisha yake yote midomo ilijikusanya tayari kwa mluzi.

Aliibana. Akaweka na kiganja juu yake kwa usalama.

Juu ya kichwa chake ndege akaanza. Mbili za kupanda, kituo kidogo, kisha ule mfululizo wa kwenda juu ambao hakujua ulikotoka. Mwanahawa akafungua daftari, akaandika tarehe, na mahali pa jina akapaacha wazi.